Nyuki wa Besi ya Baba

Maji ya bomba ya hapa Doha huacha magamba meupe ndani ya birika la umeme, na dawa yake ni siki. Unamimina kidogo, unajaza maji, unachemsha, unamwaga. Kazi hiyo mimi huikwepa mpaka mwenzangu wa nyumba, Mganda mmoja msafi kupita kiasi, aanze kulalamika kwamba tunakunywa chokaa. Hajui kwamba siki ikianza kutoa mvuke mimi hutoka jikoni na kwenda kusimama dirishani kama mtu anayesubiri simu. Harufu ile ni ya baba yangu. Wapo watu ambao baba zao walinukia sigara, au sabuni ya kunyolea, au petroli. Wangu alinukia siki ya moto na chuma, kwa sababu alikuwa akichemsha nyuzi za gitaa.

Gitaa lake lilikuwa la besi, lile lenye nyuzi nne nene. Jasho na uchafu wa vidole huingia katikati ya waya mpaka mlio unakuwa butu, na nyuzi mpya ni ghali. Basi mpiga besi mwenye mfuko mwepesi huzivua, huzikunja duara, huzitumbukiza kwenye sufuria ya maji na siki, na zikishakauka hulia vizuri tena kwa muda. Mama alikuwa na sufuria moja tu kubwa. Akirudi kutoka kazini na kuikuta jikoni inachemka, alikuwa akifunua kifuniko taratibu na kuguna.

"Baba Nekesa, leo tunakula supu ya waya?"

"Iko na madini, Mama Nekesa. Si wewe ndio nesi?"

Mama alicheka hata akiwa amechoka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Tuliishi mtaa wa Najma, chumba kimoja na jiko juu ya duka la fundi cherehani, mahali ambapo mashine za kushona zilitetemesha sakafu mchana kutwa. Mama alikuwa nesi wa wodi ya watoto, na mimi nilikaa nchini kwa kibali chake. Baba alitufuata baadaye kwa viza ya matembezi, na viza ya matembezi ina mwisho. Kule Nairobi alikuwa mtu wa studio. Waimbaji wa injili, wa rumba, hata watengenezaji wa matangazo ya sabuni, wote walimwita aje awapigie besi, kisha wakaenda na nyimbo zao. Alikuwa akisikika katika kila duka la nchi na hakuna aliyemjua. Doha alikuja kutafuta mwajiri. Akipata bendi ya hoteli, viza ingegeuzwa na tungekaa watatu. Asipopata, angerudi, na sisi tungebaki. Jambo hilo hawakunificha. Nililijua kama nilivyojua jina la shule yangu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa na mchezo wetu. Baba alijilaza chali kwenye kapeti, mimi nikaegemeza kichwa tumboni pake, na kompyuta yake mbovu ikapiga nyimbo za zamani za soul, za Wamarekani weusi, zile ambazo mtu ameachwa na anaomba arudiwe. Baba aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Kukhu, wachana na huyo analia hapo mbele. Sikiza chini. Nani ananguruma?"

"Mtu wa besi."

"Ni wa rangi gani?"

Mara ya kwanza niliona swali la kijinga. Mwimbaji alikuwa mweusi, wimbo ulikuwa wa watu weusi, basi mpiga besi angekuwa nani? Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Baba alicheka mpaka kichwa changu kikaruka juu ya tumbo lake.

"Mzungu, Kukhu! Kijana wa shamba kabisa, huko Alabama. Nywele kama za mahindi."

"Uongo. Wazungu hawawezi."

"Kwa nini hawawezi?"

"Kwa sababu imeiva," nikasema, na hadi leo sijapata neno bora zaidi la kuieleza besi ile.

Ndipo akanisimulia. Huko kusini mwa Marekani, miaka ambayo mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kula meza moja, kulikuwa na studio ndogo katika miji ya mashambani. Mwimbaji mweusi alisafiri mpaka huko, akafungua mlango, akakuta vijana wa kizungu wamekaa na magitaa wanamngoja. Wakafunga mlango, wakapiga. Santuri ikiuzwa, weusi wa nchi nzima waliicheza wakiamini kila mkono uliomo ndani ni wa kwao. Na kaskazini, katika mji wa viwanda vya magari, palikuwa na wengine, weusi hawa, waliopiga chini ya nyumba, chumba cha chini ya ardhi, miaka nenda miaka rudi. Nyimbo zao zilizunguka dunia, lakini kwenye jalada palikaa picha na jina la mwimbaji tu.

"Awe mzungu, awe mweusi," Baba alisema, "mtu wa besi haandikwi. Lakini ndani ya kile chumba, Kukhu, hawaulizi wewe ni nani. Wanauliza unaweza?"

Alilipenda jambo hilo kuliko jambo lolote duniani. Alilisema usoni pakiwa na mwanga, kama mtu anayesoma Injili. Mimi leo nikilikumbuka hupandwa na hasira, kwa sababu Baba alinisimulia nusu. Kazi ikiisha mlango ulifunguliwa. Vijana wa Alabama walitoka nje wakaenda kula mahali popote walipotaka. Mwimbaji alitoka nje akiwa bado mweusi. Baba lazima alilijua hilo. Nadhani hakutaka kulisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe.

Na mimi hadithi zile nilizipanga kichwani kwa akili ya mtoto. Wakubwa wote wa besi walikuwa wamefichwa, wengine mashambani, wengine chini ya ardhi. Wanaoonekana ni waimbaji, na waimbaji ni wengi. Kwa hiyo kuonekana ni kwa watu wa kawaida, na mtu akifikia ukubwa wa kweli hufichwa, kama Mama alivyoficha hereni zake za dhahabu ndani ya soksi. Hesabu yangu haikuwa na kasoro hata moja.

Gitaa la Baba lilikuwa na ugonjwa mdogo. Kile chuma chembamba cha shingoni, mahali fulani chini ya uzi wa tatu, kilikuwa kimelika, na kidole kikifika hapo uzi ulivuma kidogo, zzz, kisha ukatulia. Fundi angekirekebisha. Baba hakutaka. Alisema huyo ni nyuki wake. Tena alikuwa na mtindo wa kuingia kwenye kiitikio kwa kuchelewa: anashuka chini kabisa, unadhani amepotea, kisha anapanda kwa haraka na kukutana na wengine mlangoni. Aliuita kupiga kona. Alitoka nao kwenye rumba za Nairobi, akauweka hata kwenye nyimbo za Wamarekani. Mimi ningeweza kumtambua Baba katika besi elfu, kama mtoto anavyotambua kikohozi cha mzazi wake gizani.

Viza ikiwa inakaribia kwisha, akapatikana mtu anayeitwa Toni. Huyu alikuwa ajenti wa kupeleka bendi mahotelini, mtu mwenye manukato mengi na simu mbili. Alisema hoteli moja kule Pearl, kile kisiwa kilichotengenezwa na watu, inataka muziki wa soul kila Ijumaa mchana, familia zikiwa zinakula. Baba aende akajaribiwe. Mama alikuwa zamu, kwa hiyo nilipelekwa nami.

Tulikwenda Al Rayyan, kwenye gereji ya villa moja iliyobandikwa magodoro kutani. Palikuwa na kijana wa mitambo na Toni. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa. Baba akavaa visikizio, akafunga macho, akapiga wimbo. Toni akainua kidole gumba. Akapiga mwingine. Ukarudiwa, kwa sababu gari lilipiga honi nje. Ukaja mwingine, na mwingine, mpaka muadhini akaadhini, tukapumzika, tukaendelea. Mimi nililala, nikaamka, Baba bado anapiga.

Wimbo mmoja kijana wa mitambo alisimamisha. "Kuna kitu kinavuma."

"Huyo ni nyuki wangu," Baba akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ukimfukuza, asali inaenda naye."

Toni akacheka, akatazama saa. "Wacha, wacha. Yalla, unaofuata."

Njiani Baba alinibeba mabegani ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa. "Wamenipigisha zote, Kukhu! Mtu hawampendi hawawezi kumpigisha zote." Alinunua kuku mzima kwenye duka la Mturuki. Jioni hiyo alimwambia Mama aanze kutafuta chumba chenye dirisha la pili.

Hapa ndipo huwa nasimama. Baba alikuwa mtu wa studio maisha yake yote. Alijua kuliko yeyote kwamba wa kujaribiwa hupiga wimbo mmoja, akizidi mbili, na hakuna anayejali gari likipiga honi. Ukirudishwa mpaka utoke safi, hujaribiwi, unarekodiwa. Alilijua hilo kwenye mifupa. Lakini alitaka sana tukae watatu, na kutaka kulimziba masikio, yeye ambaye masikio ndiyo yaliyomlisha.

Simu ya Toni haikuja. Baba alichemsha nyuzi tena ili ziwe tayari. Akanyosha shati jeupe, akalitundika, likakaa hapo mpaka likaanza kushika vumbi.

Wakati huohuo Anti Grace, nesi mwenzake Mama, akapata kazi Kanada, na wenzake wakamfanyia chakula cha kumuaga. Ilikuwa Ijumaa mchana, kule kule Pearl, katika ukumbi wenye vioo vinavyotazama mashua za matajiri. Baba hakutaka kuja. Mama akamwambia usikae ndani kama mgonjwa, twende. Akalivaa lile shati jeupe.

Mbele ya ukumbi palikuwa na jukwaa dogo. Wakapanda wadada wawili weusi wenye magauni ya kumetameta. Nyuma yao akasimama mzungu mwenye kinanda, na mzungu mwingine, kijana mwenye kofia, na gitaa la besi. Wakaanza.

Nilikuwa na mdomo uliojaa keki. Nikasikia besi ikishuka chini kabisa, ikapotea, ikapanda kwa haraka na kukutana na wengine mlangoni. Nikaacha kutafuna. Kisha, zzz, nyuki.

Nilimtazama Baba. Alikuwa karibu nami, mikono miwili juu ya kitambaa cha meza, huku na huku ya sahani. Nikamtazama yule wa kofia. Vidole vyake vilikuwa vikitembea mahali pengine kabisa, na waya wa gitaa lake ulishuka mpaka sakafuni, ukajikunja karibu na kiatu chake, ukaishia hapo. Haukuchomekwa popote.

Ikanijia yote kwa pamoja, na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nikapanda juu ya kiti.

"Baba! Ni wewe! Wamekuficha! Baba umekuwa mkubwa!"

Nikapiga makofi. Watu wa meza za jirani wakageuka wakatabasamu, na Anti Grace akapiga makofi pamoja nami bila kujua ni ya nini. Mama aliweka uma chini. Alimtazama Baba, kisha jukwaa, kisha Baba, na nikaona uso wake ukielewa.

"Ndio, Kukhu," Baba alisema. "Ni mimi. Keti ukule."

Tulikaa mpaka mwisho, kwa sababu ilikuwa sherehe ya mtu. Nyimbo zote zilipigwa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule wa gereji. Chini ya meza vidole vya Baba vilikuwa vikibonyeza paja lake, vikifuata. Wakati mmoja alisema polepole, si kwa yeyote, "Hapo nilichelewa."

Nyumbani akampigia Toni, na akaiweka simu sauti ya juu ili Mama asikie mwenyewe. Toni hakuwa na ukali hata kidogo. Alieleza kama daktari. Hoteli inataka sura ya kimataifa, ndugu yangu. Waimbaji ni weusi, wazuri, kila mtu ameridhika, lakini bendi lazima iwe na mchanganyiko.

"Toni, hii ni soul," Baba akasema. "Ni muziki ya watu weusi."

"Ndiyo maana nimeweka waimbaji weusi!"

"Na besi ni yangu."

"Besi ni nzuri sana. Lakini kwa pasipoti ya Kenya siwezi kukuweka jukwaani pale, habibi, si mimi ninayepanga bei za pasipoti. Sikiliza. Rafiki yangu ana kampuni ya ulinzi. Wanahitaji watu palepale, mlangoni. Viza yako naweza kuigeuza wiki hii."

Baba akamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Kama angekataa, angeondoka. Nilisubiri kwa moyo wote akubali, kwa kuwa nilidhani tunazungumzia furaha.

"Khalas, basi," Baba akasema. "Nitakuja."

Tukabaki watatu, kama tulivyoomba. Aliishi kambi ya kampuni na alikuja Najma siku yake ya mapumziko, akalala mpaka jioni. Kila Ijumaa mchana alisimama kwenye mlango wa ukumbi ule akiwa na sare ya bluu na redio kiunoni, akiwafungulia watu mlango, na kila alipoufungua alijisikia mwenyewe akipiga besi humo ndani. Niliwaambia wenzangu wa darasa kwamba baba yangu ana kazi mbili katika hoteli moja. Mchezo wa Ijumaa ulikwisha. Siku nyingine nilijaribu kuuanzisha mwenyewe, nikaufungua wimbo na kuuliza, "Ni wa rangi gani?" Akasema, "Zima hiyo, mami, kichwa inaniuma." Hakusema Kukhu.

Nyuzi zikashika kutu juu ya gitaa. Sufuria ikarudi kuwa ya Mama peke yake, na Mama akainunulia mwenzake, akawa anapika kwa mpya tu. Ile kubwa ilikaa juu ya kabati. Hakuna aliyeishusha.

Baba alifungua mlango ule mpaka figo zilipomkataa, akarudishwa Bungoma, na huko akafa kabla sijapata tiketi. Mama alirudi nyumbani, na gitaa likauzwa kwa vijana wa kanisa. Kompyuta mbovu iliungua na kila kilichokuwa ndani. Ndipo nilipogundua kwamba sina Baba akipiga mahali popote. Zile za Nairobi hazina jina, sijui niulize wapi. Mahali pekee duniani nilipojua mikono yake ilipo ni kwenye chakula cha Ijumaa cha Pearl.

Kwa hiyo nikawa nakwenda. Ninafanya kazi mapokezi ya kliniki ya meno, si mtu wa kula Pearl, lakini nilijinyima, na nilipozidiwa nilikwenda, nikachagua meza iliyo karibu na spika. Hoteli ilibadilisha jina. Wadada walibadilishwa wakawa wengine, na wengine tena. Yule wa kofia alitoweka, akaja mwingine, kisha hawakuona haja ya mtu wa kushika gitaa. Nyimbo zilibaki zilezile, na nyuki alibaki. Siku moja wakati wa mapumziko nilimwuliza mwimbaji mmoja ni nani anayepiga besi. Alinitazama kwa upole.

"Sijui, dada. Tumezikuta."

"Ni baba yangu."

"Kweli? Ako poa sana," akasema, na akaenda kunywa maji. Nilimwomba anipe nakala. Akasema ni mali ya kampuni.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Nikakaa mahali pangu. Wimbo ukaanza, besi ikashuka chini kabisa, ikapotea, ikapanda ikawakuta wenzake mlangoni. Nikasubiri nyuki. Palikuwa laini. Nikadhani nimekosa kusikia, kwa maana kulikuwa na watoto wanapiga kelele. Wimbo wa pili, laini. Wa tatu, kila uzi ulilia sawasawa, safi, kama kitu kilichooshwa. Nikavuta kiti mpaka goti langu likagusa spika. Nikainamisha kichwa.

Mhudumu akaja, kijana Mkenya mwenye kibao cha jina kifuani, akainama.

"Siste, uko sawa?"

"Hizi nyimbo zimebadilishwa?"

"Eeh, wametoa zile za zamani. Zilikuwa na kelele kelele hivi. Hii imetengenezwa upya na kompyuta, ikaiga zile."

"Na mtu wa besi?"

Alitazama jukwaani, akanitazama.

"Hapo hakuna mtu, siste."

Nilimwambia najua, nikamwomba aniondolee sahani.